Friji ilizima Magadi, waya ukayeyuka Suswa: nilivyofunga upya umeme wa Prado ya kambi

Kipara_wa_Magadi

Wadau, hamjambo. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka auweke akiba hadi Jumamosi.

Gari ni Prado ya 1999, dizeli ya 1KZ. Imepita mikono mingi kabla yangu na kila mwenye nayo aliacha waya wake ndani. Mfuko ukiruhusu, mimi, mama watoto na vijana wawili tunatoka Nairobi Ijumaa jioni, tunalala nje, Jumapili tunarudi na vumbi puani. Kwa miaka miwili umeme wetu ulikuwa friji ya lita 40 iliyochomekwa kwenye tundu la kiberiti kule nyuma. Basi.

Magadi ndiko nilikofunzwa. Usiku wa kule hauleti baridi, kwa hivyo friji haikupumzika. Saa kumi na mbili asubuhi nikazungusha ufunguo, gari likajibu tk-tk-tk. Tulikaa hadi saa nne, pikapu iliyobeba mbuzi ilipopita na dereva akatuwashia kwa nyaya zake. Pesa alikataa, akaomba soda baridi. Soda zilikuwa zishapata moto.

Tuliporudi mjini nikampelekea fundi gari, nikamwambia nataka betri ya pili. Kazi ya siku moja. Nikalipa, nikafurahi, kapeti sikuiinua. Mwezi uliofuata tukaenda Suswa. Tulipunguza upepo wa matairi kwa ajili ya yale mawe, na tulipofika barabara nzuri nikachomeka pampu kwenye tundu la nyuma. Tairi la tatu, kijana mdogo akaniambia, "Baba, kapeti inanuka kama pasi."

Nikainua kapeti. Nyaya mbili za nyumba, zile za milimita 2.5 za mraba ambazo mafundi wa ujenzi huweka kwa soketi za sebuleni, zimetoka betri ya mbele hadi nyuma bila fyuzi hata moja. Ganda limelainika na kushikana na kapeti kama peremende, na pale zilipoungwa kwa kusokotwa na kuzungushiwa tepu nyeusi palikuwa pameungua kabisa. Nilifungua kichwa cha betri kwa spana ya kumi mikono ikinitetemeka, na tangi la dizeli liko chini ya watoto wangu.

Sasa nimefumua vyote na kufunga upya mwenyewe. Wikendi tatu, kwenye maegesho ya ploti tunayokaa, majirani wakinipita wakiuliza kama nauza vyuma.

Nilianza na karatasi. Friji yangu kwenye joto la Magadi hula kama ampea-saa 45 kwa siku nzima (ampea-saa moja ni ampea moja ikivutwa saa nzima). Taa za kambi 4, simu na kamera 6. Jumla 55. Betri ya AGM, yaani ya risasi iliyozibwa isiyoongezwa maji, ya ampea-saa 100 si vizuri kuishusha chini ya nusu ukitaka ikae miaka, kwa hivyo nina 50 za kutumia. Siku moja naitoboa, ya pili lazima injini iwake au jua linisaidie.

Halafu waya, na hapa naomba mnisikilize kwa makini kwa sababu ndipo tunapoibiwa na ujinga wetu wenyewe. Mita moja ya shaba yenye unene wa milimita moja ya mraba ina ukinzani wa takriban ohm 0.0175. Kutoka betri hadi nyuma ni mita 5, na umeme lazima urudi, kwa hivyo hesabu 10. Kwenye waya wa 2.5 unapata ohm 0.07. Friji peke yake ikivuta ampea 5 unapoteza volti 0.35, unaweza kuishi nayo. Ongeza pampu inayovuta 30: volti karibu 2.5 zimepotelea njiani, na wati 86 zinageuka joto chini ya kapeti. Hiyo ndiyo pasi aliyoinusa mtoto.

Nikanunua kebo ya kuchomelea vyuma, ya milimita 16 za mraba. Ina nyuzi nyembamba nyingi, inapinda vizuri, haikatiki kwa mtikisiko kama waya mgumu wa nyumba. Industrial Area inauzwa kwa mita. Lakini beba kisu. Kwangua uzi mmoja: ukiona weupe ndani, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba juu, rudisha. Duka la kwanza nililoingia yote ilikuwa hivyo na muuzaji akaniapia kwa Mungu.

Mpango wenyewe: betri ya mbele, fyuzi ya ampea 40 sentimita 15 kutoka kichwa cha betri, kebo kupitia ukuta wa injini penye mpira wake, chini ya zulia ubavuni ndani ya bomba la mikunjo, chaja ya DC kwa DC ya ampea 25 (inachukua umeme wa mbele na kuichajia betri ya nyuma), fyuzi nyingine ya 40, halafu AGM ndani ya sanduku lililofungwa kwa mikanda na bolti. Fyuzi mbili kwa sababu kebo ina betri kila upande. Ikikatika katikati, kila betri itataka kuilisha. Nyuma nimeweka kisanduku cha fyuzi sita: friji, taa za ndani, taa ya hema, tundu za USB, mbili ziko wazi. Friji ina waya wake wa milimita 6.

Swali langu kwenu: sola ni lazima? Na kosoeni popote.

Chuma_Chakavu

Mzee, yote hayo kwa soda baridi? Mimi nina Probox, sanduku la barafu, tochi ya kichwani. Nimefika Loiyangalani na kurudi. Umeme pekee ninaouhitaji ni wa kuwasha gari.

Mama_Kambi

@Chuma_Chakavu hongera kwa Probox, kweli zinafika. Lakini si kila mtu anabeba soda. Mama yangu mzazi husafiri nasi na ana kisukari. Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8, na barafu ikigusana na chupa dawa inaganda, na ikiganda inatupwa. Kwetu friji ya gari ndiyo iliyomrudisha bibi kambini. Uzi uendelee.

Chuma_Chakavu

Pole mama, hapo nimenyamaza.

Fundi_Waya_Ngara

Naingia kama fundi wa umeme wa magari, na naingia nikiwa nimekasirika kidogo. Mteja anakuja na friji ya bei kali, taa za LED za bei kali, betri mpya, halafu akiambiwa kebo na fyuzi zitafika elfu kadhaa anasema, "fundi, weka tu waya wowote." Ukikataa anaenda kwa jirani. Aliyekufungia alikosea, sitamtetea, lakini nina hakika hakuulizwa hata swali moja.

Kazi yako ya sasa ni safi. Makosa mawili nayaona. Tundu la kiberiti si la pampu ya ampea 30, hata ungeweka kebo nene kama mkono. Vile vibati ndani yake vinatosha ampea 10, tuseme 15. Pampu iendeshe moja kwa moja kutoka betri ya mbele kwa plagi za Anderson, zile kubwa za kubanana, na fyuzi yake. Weka plagi karibu na bampa, utajaza matairi yote bila kufungua boneti.

La pili, hukutuambia vichwa vya kebo umevifungaje. Kama umeyeyusha risasi, rudia. Risasi hupanda ndani ya nyuzi na kuzifanya ngumu, na palepale ugumu unapoishia ndipo waya hukatikia kwenye barabara ya makorongo. Kichwa cha shaba kinabanwa kwa koleo la hidroliki, kisha unavisha kimpira kinachosinyaa kwa moto. Nyundo pia si koleo.

Kipara_wa_Magadi

Fundi, nilitumia nyundo. Nimeomba koleo kwa jamaa anayefunga sola, kesho narudia vyote vinane. Na kweli, kimoja nimekivuta kwa mkono kikatoka.

Jimny_wa_Rongai

Wakubwa, mimi mgeni wa mambo haya. Kwa nini chaja ya DC kwa DC na si ile rilei, swichi ya umeme inayounganisha betri yenyewe injini ikiwaka? Rilei ni bei nafuu mara nyingi.

Fundi_Waya_Ngara

Rilei inayosoma volti haina ubaya kwa gari la zamani na betri ya pili ya risasi. Injini ikiwaka, alternata, ile jenereta inayozungushwa na injini, inapandisha volti, rilei ikiona kama 13.3 inaunganisha. Ukizima, zikishuka hadi 12.8 inaachanisha. Prado ya 1999 ingeridhika nayo, ila kwa mita tano za kebo betri ya nyuma haitajaa hadi juu.

Shida iko mahali pawili. Magari mengi mapya yana alternata inayosimamiwa na kompyuta ili kuokoa mafuta, na inaweza kushusha volti katikati ya safari. Rilei inaona 12.7, inaachanisha, wewe unafika kambini ukidhani umechaji. Pili ni lithiamu. Betri ya lithiamu iliyojaa hukaa 13.3 hata gari likiwa limezimwa. Rilei haipati kamwe sababu ya kuachanisha, betri mbili zinakaa zimeshikana usiku kucha na friji inakula zote.

Vumbi_la_Chalbi

Nami niseme la lithiamu kwa sababu naona mnaizunguka. Nilikuwa na AGM mbili, nikazitoa, nikaweka lithiamu moja ya ampea-saa 100. AGM moja ya ukubwa huo ina kilo karibu 30, lithiamu ni kilo 11 au 12. Na ile AGM unatumia nusu, hii unatumia karibu yote. Kwa gari dogo kama Jimny hilo ni jambo kubwa sana.

Ila angalieni. Usiiweke ndani ya boneti, joto la injini litaimaliza. Usiilishe moja kwa moja na alternata, kwa sababu inapokea umeme kama mwenye njaa na alternata ndogo itapata moto ikiwa gari limesimama. Na usiamini volti kukuambia imebaki kiasi gani. Hukaa 13.2 siku nzima, halafu inaanguka kama jiwe. Nunua ile mita inayohesabu ampea zinazotoka na kuingia. Mimi nilidanganywa na volti kule North Horr, usiku wa pili giza likatukuta tukipika ugali kwa mwanga wa simu. Ulikuwa na uvimbe.

Na mpime uzito dukani. Ukiambiwa ni ya mia na unainyanyua kwa vidole viwili, ndani kuna hewa.

Kipara_wa_Magadi

Nimeikopa betri ya jamaa mmoja wiki moja, na kweli nimeitamani. Lakini AGM yangu ni mpya, na mama watoto ameshaniuliza mara mbili kwa nini sanduku la nyuma lina taa nyekundu na kijani kuliko mti wa Krismasi. Nitabaki nayo hadi ife.

Dada_wa_Forester

Samahani naingilia. Nimesoma yote na nimeelewa nusu. Nina Forester, friji ya lita 30, betri ya pili nyuma ya kiti, imefungwa na fundi mwezi wa pili. Kila usiku, saa saba au saa nane, friji inazima. Inaandika kosa la volti. Asubuhi napima betri, inasoma 12.4. Nikaambiwa betri mbovu, nikanunua mpya. Bado inazima. Nilie au nicheke?

Fundi_Waya_Ngara

Dada, usinunue kitu kingine chochote. Una multimita, kile kipimo cha volti? Zinapatikana barabara ya Luthuli, Nairobi, hata za bei ya chakula cha mchana. Friji ikiwa inanguruma, si imetulia, pima volti kwenye betri yenyewe, halafu pima kwenye plagi ya friji. Niletee namba mbili.

Mkaa_wa_Isiolo

Wakati dada anatafuta multimita, na mimi nina kesi yangu. Land Cruiser ya dizeli iliyotoka Japani, ya volti 24. Redio, taa za kambi na chaja ya simu ni za 12. Fundi alichukua waya kutoka betri moja kati ya mbili. Inafanya kazi vizuri tu, lakini kila mwaka nabadilisha betri, na ni ileile moja inayokufa.

Vumbi_la_Chalbi

Umejijibu. Betri zako mbili zimefungwa mfululizo, alternata inazichaji kama kitu kimoja. Wewe unakamua mmoja wa ng'ombe wawili na unawalisha sawasawa. Ile unayoikamua haijai kamwe, mwenzake anachajiwa kupita kiasi hadi anakauka maji. Nunua kipunguza volti cha 24 kwenda 12, ukifunge kwenye betri zote mbili, kisha vitu vyote vya 12 vipite hapo. Na ukibadilisha betri badilisha zote mbili siku moja, aina moja.

Mkaa_wa_Isiolo

Ng'ombe nimemwelewa, mimi mfugaji.

Bahari_na_Gia

Salaam kutoka Mombasa. Nyinyi wa bara mnalia na vumbi, sisi huku chumvi ndiyo adui. Bolti ya erthi, pale waya wa hasi unaposhikwa na bodi ya gari, niliyofunga mwaka jana iko kijani kama kisamvu. Nilichojifunza ni kukwangua rangi hadi chuma king'ae, kufunga kwa washa yenye meno, halafu kupaka Vaseline juu. Nasema juu, baada ya kukaza, si kabla. Ile ya kujipaka usoni inatosha, msidanganywe na makopo ya bei.

Halafu taa. Mbona hamjazungumza taa? Kila kijana Nyali ana ukuta wa LED juu ya kabati ya gari.

Kipara_wa_Magadi

Taa ninayo moja, wati 120, kwa hivyo ampea 10. Swichi niliyoikuta ndani ilikuwa inapitisha zote kumi kwenye kidole cha plastiki, ilikuwa imeshageuka kahawia. Nimeweka rilei ya pini nne. Kwa wasiojua: 30 inapokea umeme wa betri kupitia fyuzi, 87 inaenda kwenye taa, 86 inatoka kwenye swichi, 85 inaenda erthi. Swichi sasa inapitisha umeme mdogo sana wa kuamsha rilei. Na waya wa swichi nimeuchukua kwenye taa kubwa za gari, nikishusha taa kwa anayekuja, ile ya juu inazima yenyewe. Kwenye lami naifunika kabisa. Barabara ya Magadi usiku ina punda wa kutosha, haihitaji na mimi nimpofushe dereva wa lori.

Jambo la panya pia. Niliacha mdomo wa bomba la mikunjo wazi chini ya boneti, nikakuta kiota. Kiota! Cha pamba ya kiti changu mwenyewe. Nimeziba na povu.

Mama_Kambi

Na kizima moto mnacho? Tena mahali dereva anakifikia akiwa amekaa, si chini ya hema, mkaa na viti vya plastiki. Nauliza tu kwa sababu nimesoma habari ya kapeti mara mbili.

Kipara_wa_Magadi

Kilikuwa chini ya hema, mama. Sasa kiko mbele ya kiti cha abiria, kimefungwa kwa kibano.

Na ushauri mmoja wa mikono: unapofungua betri, anza na hasi, unapofunga malizia na hasi. Spana yangu ya kumi nimeizungushia tepu yote isipokuwa kichwa, baada ya kugusa bodi nayo nikiwa kwenye chanya. Cheche ile iliniachia alama kwenye spana kama imeng'atwa. Pete ya ndoa naitoa pia, na mwenye pete analijua hilo.

Jimny_wa_Rongai

Hujarudi kwenye sola, mzee. Uliuliza mwenyewe.

Vumbi_la_Chalbi

Namjibia. Ukihama kila siku, injini inakuchajia, sola ni pambo. Ukikaa siku tatu mahali pamoja, sola ndiyo mkombozi. Paneli ya wati 100 na kidhibiti cha MPPT, kile kinachokamua paneli vizuri na kusimamia chaji, kwenye jua zuri itakupa kama ampea-saa 25 hadi 30 kwa siku. Sisi tuko karibu na ikweta, ilale bapa juu ya paa, hakuna haja ya kuiinamisha kama wazungu. Lakini mwezi wa saba Nairobi, na yale mawingu ya ubaridi, usiitegemee. Na ukiegesha chini ya mti kivuli cha tawi moja kinaweza kukupunguzia nusu. Kwa hivyo unachagua, friji ipate jua au wewe upate kivuli. Mimi nina paneli ya kukunja na waya wa mita nane. Gari kivulini, paneli juani, na mbuzi wa watu nawafukuza mimi.

Kipara_wa_Magadi

Nina upungufu wa ampea-saa 5 kwa siku. Paneli moja ya kukunja basi. Hapo nimeshawishika.

Jimny_wa_Rongai

Na inverta, ile ya kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani? Nataka kutumia birika la umeme.

Fundi_Waya_Ngara

Hapana.

Jimny_wa_Rongai

Sawa fundi, lakini kwa nini?

Fundi_Waya_Ngara

Birika la wati 1,000 kwenye volti 12 linavuta ampea 90 na kitu. Kwa dakika kumi utakuwa umekula ampea-saa 15 kwa vikombe vitano vya chai, na kebo yake ingebidi iwe nene kuliko ya Kipara. Gesi ya kilo 6, mtungi unaushika kwa mkono mmoja. Inverta ndogo ya wati 300 ya kuchaji kompyuta, hiyo nitakufungia.

Dada_wa_Forester

Nimerudi. Nilinunua multimita, nikasubiri friji ingurume, saa tatu usiku, mimi na tochi mdomoni. Kwenye betri: 12.4. Kwenye plagi ya friji: 11.2. Ikitulia, plagi inapanda hadi 12.4 tena. Ina maana gani?

Fundi_Waya_Ngara

Ina maana betri zako zote mbili hazikuwa na kosa, na nasikitika kwa ile uliyoitupa. Friji ikianza kazi, volti 1.2 zinapotea njiani. Friji inaona 11.2, inadhani betri inakufa, inajizima ili kuilinda. Ikishazima, hakuna umeme unaotembea, kwa hivyo hakuna kinachopotea, asubuhi unapima na kila kitu kinaonekana sawa. Mwizi yuko njiani. Sasa tumjue anakaa upande gani.

Friji ikinguruma tena: waya mwekundu wa multimita kwenye chanya ya betri, mweusi kwenye chanya ya plagi ya friji. Andika namba. Kisha hasi ya betri na hasi ya plagi. Andika namba. Unaweza kuhitaji kurefusha waya wa multimita, tumia kipande chochote.

Dada_wa_Forester

Upande wa chanya: 0.2. Upande wa hasi: 1.0. Nimepima mara tatu, kaka yangu ameshika tochi sasa.

Fundi_Waya_Ngara

Safi sana dada. Erthi. Fuata waya mweusi kutoka kwenye plagi uone umeishia wapi. Nakisia skrubu.

Dada_wa_Forester

Unaishia chini ya kapeti ya buti, kwenye skrubu moja iliyotobolewa kwenye bati. Bati lina rangi yake ya bluu nzima, hata halijakwanguliwa. Skrubu ninaizungusha kwa vidole.

Bahari_na_Gia

Kisu, kwangua, bolti, washa yenye meno, kaza, Vaseline. Kwa utaratibu huo.

Fundi_Waya_Ngara

Bora zaidi, vuta waya wa hasi wa milimita 6 urudi hadi kwenye betri yenyewe, achana na bati. Betri yako iko nyuma ya kiti, ni mita moja na nusu tu. Lakini kwa leo usiku fanya ya Mombasa.

Kipara_wa_Magadi

Nami nimetoka nje kwa ndala kuangalia erthi zangu zote. Nne ziko sawa. Ya taa ya hema nimeikuta juu ya rangi. Baada ya maneno yote niliyoandika hapo juu.

Dada_wa_Forester

Jumapili asubuhi. Tulilala Naivasha. Hasi ni 0.1, chanya 0.2 ileile, plagi inasoma 12.1 friji ikinguruma. Haikuzima hata mara moja. Maziwa baridi. Kaka yangu anauliza ile betri ya kwanza niliipeleka wapi.

Mkaa_wa_Isiolo

Kama bado iko, naichukua. Nina ng'ombe mmoja amekufa.

Dada_wa_Forester

Iko chini ya ngazi, nimeweka sufuria ya maua juu yake. Ikipimwa 12.5 unalipa matatu ya kuja kuichukua, na nirudishie sufuria.